Waya au hewani: Wachezaji gemu wa Bukoba na Muleba wanavyosaka intaneti iliyotulia

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Ni Jumamosi, saa 2 usiku, mtaa wa Kashai katika Manispaa ya Bukoba. Runinga imewaka sebuleni, vijana watatu wamebanana kwenye kochi na mmoja wao ameshika padi ya PlayStation. Wanacheza eFootball mtandaoni. Matokeo ni 1-1, dakika ya 88, na mshambuliaji wao amebaki na kipa peke yake. Kidole kinabonyeza kitufe cha kupiga. Picha inaganda.

Inapozinduka, mpira uko mikononi mwa kipa na mpinzani ameshafika upande wa pili wa uwanja. Mechi inaisha 2-1, na lawama zote zinapelekwa kwa kampuni ya intaneti.

Lakini katika nyumba hiyohiyo simu nne zinatumia waifai ileile. Moja inapakua filamu, nyingine inatuma video ya harusi kwa ndugu walioko Dar es Salaam. Ruta yenyewe imewekwa juu ya kabati, chumbani kwa wazazi. Kati yake na PlayStation kuna kuta mbili za tofali za kuchoma.

Kusini zaidi, huko Kamachumu wilayani Muleba, kijana wa rika hilohilo hana ruta wala kochi. Ana simu na bando la wiki. Akitaka kucheza Free Fire hutoka hadi ukingoni mwa kibanja, pale migomba inapoishia na bonde linapofunguka, kwa sababu ndani ya nyumba mtandao hupanda na kushuka.

Hali kama hizi hujirudia kila jioni katika mitaa na vijiji vya Kagera, na zimezaa ubishi usiokwisha miongoni mwa vijana, wazazi na wenye vibanda vya gemu: je, intaneti ya nyumbani kwa ajili ya gemu iwe ya waya au ya hewani?

Ubishi huo una jibu. Ugumu wake ni kwamba swali hilo moja limebeba maswali matatu. Kati ya kidole cha mchezaji na seva ya gemu kuna vipande vitatu vya njia: ndani ya nyumba, kutoka nyumba hadi kwa kampuni, na kutoka kwa kampuni hadi iliko seva. Kila kipande kina ugonjwa wake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Kasi inayouzwa, utulivu unaohitajika

Matangazo ya intaneti nchini huhesabu kitu kimoja, megabiti kwa sekunde. Mteja anaambiwa 10, 20 au 50, naye huamini kwamba namba ikiwa kubwa gemu itatulia.

Ukweli ni kwamba kucheza gemu hutumia data kidogo sana. Saa nzima ya mechi kwenye simu kwa kawaida hula makumi ya megabaiti, pengine mia na kitu, sawa na dakika chache za video ya ubora wa juu. Kinachomeza gigabaiti ni kupakua gemu yenyewe na masasisho yake.

Mechi huamuliwa na mambo mengine matatu. La kwanza ni pingi, yaani muda ambao pakiti ya data hutumia kwenda kwenye seva na kurudi. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. La pili ni kuyumba kwa pingi: pakiti moja inarudi baada ya milisekunde 60, inayofuata baada ya 280. La tatu ni pakiti zinazopotea njiani kabisa.

Mchezaji anaweza kuizoea pingi ya 120 isiyoyumba. Mikono yake hujifunza kuwahi kubonyeza. Pingi inayoruka kutoka 40 hadi 300 haizoeleki hata kwa bingwa, kwa sababu kila pigo lina muda wake.

> Pingi ya 120 isiyoyumba huzoeleka. Pingi inayoruka kutoka 40 hadi 300 humshinda hata bingwa.

Kwenye gemu za mapigano hesabu hiyo ni kali zaidi. Tekken huonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo kila picha hudumu karibu milisekunde 17. Ngumi ya haraka kabisa hufika baada ya picha 10, yaani milisekunde 167 hivi. Mtandao ukiyumba kwa milisekunde 100, zaidi ya nusu ya muda wa kuiona na kuikinga ngumi hiyo umepotea.

Afrika Mashariki ina watu walioufikisha mchezo huo mbali. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kutokana na uwezo wake katika Tekken. Kipaji kama chake kinaweza kuwapo Rwamishenye mjini Bukoba au Nshamba wilayani Muleba, lakini hakiwezi kuonekana kama kila pambano la mtandaoni linavunjika katikati.

Watengenezaji wa gemu hizo wanalijua tatizo hilo. Mwaka 2020 Tekken 7 iliongezewa alama inayoonyesha kama mpinzani ameunganishwa kwa waya au kwa waifai. Street Fighter 6, iliyotoka Juni 2023, nayo ina alama ya aina hiyo. Wapo wachezaji wanaomkataa mpinzani mara tu wanapoiona alama ya waifai, kabla ngumi ya kwanza haijarushwa.

Kipande cha kwanza: kutoka ruta hadi padi

Ndani ya nyumba, waya unashinda, na hoja ya kuupinga ni ndogo.

Waifai hutumia masafa ya redio ambayo vifaa vyote vya nyumba, na vya majirani pia, hugawana. Kwa kawaida vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husema kwa zamu. Simu inapotuma video, PlayStation husubiri. Pakiti ikigongana na nyingine, hutumwa upya. Kila kusubiri na kila kurudia huongeza milisekunde, na ongezeko hilo halilingani kutoka pakiti moja hadi nyingine.

Masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ruta nyingi za bei nafuu huyategemea, yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Katika nyumba za kupanga za Hamugembe na Kashai, ambako vyumba vimepangana kwa safu na kila familia ina ruta au simu inayorusha waifai, chaneli hizo tatu hujaa kila jioni. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, lakini hudhoofika haraka yanapokutana na ukuta.

Waya wa LAN, unaounganisha mashine na ruta moja kwa moja, hauna zamu wala ukuta. Waya wa kawaida wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na pakiti hutoka kwenye mashine hadi kwenye ruta kwa muda usiofika milisekunde moja. PlayStation 4 na 5 zina tundu lake kwa nyuma. Kompyuta nyingi zinalo pia. Hata simu nyingi za Android zenye tundu la USB-C hukubali adapta ya LAN, ingawa wachezaji wachache wanaijua.

Tahadhari mbili zinahitajika. Madukani kuna waya wa bei rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Huo hukatika ukikunjwa na hupoteza nguvu haraka, hivyo mnunuzi aulizie waya wa shaba tupu.

Pili, waya wa LAN wa shaba usipitishwe nje kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ukanda wa magharibi mwa Ziwa Victoria una mvua nyingi na radi nyingi, na radi ikipiga karibu, waya huo huingiza umeme hadi kwenye ruta na runinga. Kati ya nyumba na nyumba kinachofaa ni faiba, kwa kuwa nyuzi za kioo hazipitishi umeme.

Kuna jambo la tatu ambalo waya peke yake hauliponyi, nalo ni foleni ndani ya ruta. Mtu mmoja nyumbani akipakua faili kubwa, pakiti zake hujaza foleni, na pakiti ndogo ya gemu husimama nyuma yake kama mtoto mwenye kikombe bombani nyuma ya mtu mwenye madumu kumi. Ruta nyingi za kisasa zina mpangilio wa kumpa kipaumbele mwenye kikombe. Ukiwashwa, nyumba nzima hupumua.

Kipande cha pili: kutoka nyumba hadi kwa kampuni

Hapa ndipo Bukoba na Muleba hutengana.

Katikati ya mji, pale faiba inapofika, mteja huunganishwa kwa uzi wa kioo hadi ndani. Kwa mfumo unaotumika sana duniani, uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, lakini kila nyumba ina zamu yake iliyopangwa. Safari ya kutoka nyumbani hadi kituo cha kampuni huchukua milisekunde chache tu, usiku na mchana. TTCL imekuwa ikiinadi huduma yake ya aina hii kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako.

Nje ya hapo, nyumba hupata intaneti kutoka mnara wa simu. Inaweza kuwa kwa bando la simu, au kwa ruta yenye laini ndani yake, ambayo kampuni za simu huiuza kama intaneti ya nyumbani. Vodacom iliwasha 5G nchini mwaka 2022, Airtel ikafuata mwaka 2023. Teknolojia hiyo imepunguza pingi pale ilipo, lakini kwa sehemu kubwa ya Kagera mchezaji bado anategemea 4G.

Mnara ni mali ya wote walio chini yake. Saa 10 alfajiri huwa mwepesi, saa 2 usiku huelemewa. Desemba, wenyeji wanaporudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, mnara uleule hupokea simu nyingi kuliko miezi mingine yote. Pingi iliyokuwa 70 hugeuka 200 bila mchezaji kugusa kitu.

Muleba ina kikwazo kingine, ardhi yenyewe. Safu za vilima vya Ihangiro zimelala sambamba na ziwa, na kati yake kuna mabonde marefu. Nyumba iliyoko juu huona mnara, iliyoko bondeni hujificha nyuma ya kilima. Mashamba ya migomba nayo yana majani mapana yaliyojaa maji, na maji hufyonza mawimbi. Baada ya mvua hali huwa mbaya zaidi. Wakazi wa visiwa vya wilaya hiyo, kama Bumbiire na Goziba, wako mbali zaidi na ndoto ya waya.

Mtu anayetaka kujua hali yake halisi asiangalie vijiti vya mtandao. Ndani ya mipangilio ya simu au ruta kuna namba hasi inayopima nguvu ya mawimbi. Ikiwa karibu na -85, hali ni nzuri. Ikishuka hadi -110, hakuna gemu itakayotulia. Kuisogeza ruta kutoka kabatini hadi dirisha linaloelekea mnara kunaweza kuibadili namba hiyo kuliko kununua kifurushi kikubwa.

> Wapo walionunua waya wa LAN wakati ugonjwa uko mnarani, na wapo walioingiza faiba wakati ugonjwa uko chumbani.

Hili ndilo kosa la kawaida katika pande zote mbili. Mwenye ruta ya laini hununua waya wa LAN, huona mabadiliko kidogo, kisha husema waya ni uongo. Mwenye faiba hucheza kwa waifai kutoka chumba cha mwisho, huona picha ikiganda, kisha husema faiba ni uongo. Kila mmoja ametibu kipande kisichougua.

Mitandao ya simu ina tatizo jingine lisiloonekana. Kwa kuwa anwani za intaneti ni chache, kampuni huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Kuangalia video hakuathiriki. Lakini mechi za mtu na mtu za eFootball huunganisha mashine mbili moja kwa moja, na mashine zilizofichwa hivyo hushindwa kuonana. PlayStation huiandika hali hiyo kuwa NAT ya aina ya 3. Mchezaji huona tu kwamba mpinzani hapatikani, na huanza kuilaumu gemu.

Kipande cha tatu: nchi kavu na bahari

Mawimbi ya mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini ina mwisho. Kila kilomita 100 za njia huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi.

Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takribani kilomita 1,400. Hiyo ni milisekunde 14 kabla ya kuhesabu mitambo ya njiani. Kutoka Dar es Salaam data hushuka baharini. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti za mbali, ambazo pingi yake ilizidi nusu sekunde na kuifanya gemu ya mtandaoni isiwezekane.

Seva nyingi zinazohudumia wachezaji wa ukanda huu ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020. Seva ikiwa Johannesburg, safari ya kutoka Bukoba ni ya maelfu ya kilomita. Ikiwa Ulaya, njia hukaribia au kupita kilomita 10,000, na pingi huwa karibu na milisekunde 100 au zaidi hata nyumba ingejaa waya.

Mei 12, 2024 nchi nzima ililiona hilo. Kebo za EASSy na SEACOM ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikaporomoka kwa siku kadhaa. Mwenye faiba na mwenye bando walikaa gizani pamoja.

Kipo pia kitendawili cha jiografia. Kampala iko kilomita 200 hivi kutoka Bukoba kwa mstari ulionyooka, karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Lakini vijana wa miji hiyo miwili wakikutana kwenye mechi, data yao inaweza kushuka hadi baharini kabla ya kurudi ng'ambo ya mpaka. Tanzania ina vituo vya kubadilishana data, kikiwamo cha Dar es Salaam na cha Mwanza. Vikitumika kikamilifu na vikiunganishwa na vya majirani, mechi ya Bukoba na Kampala inaweza kuchezwa ndani ya ukanda wa ziwa.

Wanaotetea waya

Hoja yao ya kwanza ni usawa. Mchezaji anayeshindana kwa zawadi au kwa nafasi kwenye jedwali anataka ashindwe kwa uwezo wa mpinzani, asishindwe kwa mnara.

Ya pili ni gharama ya muda mrefu. Waya wa LAN hununuliwa mara moja. Faiba hulipiwa kwa mwezi na kwa kawaida haihesabu gigabaiti, wakati bando huisha katikati ya sasisho la gemu.

Ya tatu ni biashara. Vibanda vya gemu vya Bukoba vilizoea kuwakutanisha watu wawili kwenye runinga moja, bila intaneti. Sasa wateja wanataka kucheza na dunia. Mashine nne kwenye waifai moja ya kibanda humaanisha ugomvi kila nusu saa. Swichi ndogo na nyaya nne humaliza ugomvi huo.

Wanaotetea hewa

Upande huu nao una hoja nzito, na si haki kuzipuuza.

Mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta. Akihama baada ya miezi sita, faiba haihami naye, lakini ruta ya laini huingia kwenye begi. Kijana anayecheza kwa simu, na hao ndio wengi, anaihitaji gemu yake kitandani, kibandani na kijiweni.

Kuna suala la umeme pia. Kwa miaka mingi mji wa Bukoba umepata umeme kutoka Uganda kupitia kituo cha Kyaka, na wakazi wanajua maana ya kukatika kwake. Umeme ukizimika, kifaa cha faiba na ruta huzima papo hapo. Mnara wa simu una betri au jenereta, na simu ina chaji. Mwenye bando anaendelea kucheza wakati jirani mwenye faiba anatafuta mshumaa. Betri ndogo ya ruta hutibu tatizo hilo, lakini nayo ni gharama.

Hoja kubwa kuliko zote ni kwamba hewa ipo na waya haupo. Laini za intaneti nchini zilipita milioni 40 mwaka 2024 kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na karibu zote ni za simu. Faiba za nyumbani hazifiki hata moja kati ya mia. Mei 13, 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulitiliana saini na kampuni za simu kujenga minara 758 katika maeneo yasiyo na huduma. Kwa kijana wa bondeni Muleba, mnara mmoja mpya ni habari kubwa kuliko faiba zote za mjini.

> Karibu laini zote za intaneti nchini ni za simu. Faiba za nyumbani hazifiki hata moja kati ya mia.

Kilicho hatarini

Wapo wazazi wanaouliza kwa nini taifa lihangaike na gemu wakati kuna shule na kilimo cha kahawa. Ni swali halali, na jibu lake liko kwenye pakiti zenyewe.

Mahitaji ya gemu ni yaleyale ya mazungumzo ya video. Mwanafunzi anayefuata somo mtandaoni, daktari anayeomba ushauri kwa bingwa wa mbali, shahidi anayesikilizwa mahakamani kwa video, kijana anayefanyiwa usaili wa kazi akiwa Muleba, wote wanahitaji pingi isiyoyumba. Filamu inaweza kusubiri sekunde tano na isiathirike. Mazungumzo hayawezi.

Mchezaji gemu ndiye wa kwanza kuona mtandao unapoyumba, kwa sababu yeye hucheza na milisekunde. Malalamiko yake yakisikilizwa, wengi watanufaika. Yakipuuzwa kwa kuwa ni ya watoto, tatizo hilohilo litakutana na sisi siku ya usaili na siku ya ugonjwa.

Pima kabla ya kulaumu

Kuna kipimo cha hatua tatu ambacho mtu yeyote mwenye kompyuta au programu ya bure ya kupima pingi kwenye simu anaweza kukifanya.

Kwanza, pima pingi ya ruta yako mwenyewe. Isizidi milisekunde chache. Ikiruka hadi 50 au 100, ugonjwa uko ndani ya nyumba: sogeza ruta, badili chaneli, au tandika waya.

Pili, kama una kompyuta iunganishe na ruta kwa waya, kisha pima anwani iliyoko Dar es Salaam, saa 10 alfajiri na saa 2 usiku. Alfajiri ikitulia na usiku ikiyumba, mnara au kampuni imeelemewa. Hapo lawama ina mahali pa kwenda, na namba za kuithibitisha unazo.

Tatu, pima seva ya gemu yenyewe. Hatua mbili za kwanza zikiwa nzuri na hii ikiwa kubwa, umbali ndio unaokusumbua. Chagua seva ya karibu zaidi, kwa sababu kifurushi kikubwa hakitaisogeza Ulaya karibu.

Nani afanye nini

Ndani ya nyumba jukumu ni letu. Waya wa LAN kwa mashine isiyohama, waifai ya gigahezi 5 kwa simu iliyo chumba kimoja na ruta, na mpangilio wa kipaumbele ili upakuaji wa mmoja usiue mechi ya mwingine. Hayo hayahitaji kusubiri serikali wala kampuni.

Kampuni za intaneti zina deni la ukweli. Tangazo linaloandika megabiti peke yake limeficha nusu ya bidhaa. Ziandike pia pingi ya kawaida ya saa 2 usiku na kiasi inachoyumba, mkoa kwa mkoa, ili mteja wa Muleba ajue ananunua nini kabla hajatoa fedha ya kahawa.

TCRA ina mamlaka ya kusimamia ubora wa huduma, na hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka. Takwimu hizo zimetueleza vizuri idadi ya laini. Sasa zitueleze utulivu wake, wilaya kwa wilaya, ili Muleba isifichwe ndani ya wastani wa nchi.

Linabaki suala la njia kuu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao mkuu wa faiba nchini ulioanza kujengwa mwaka 2009, unatoka nje ya nchi kwa vituo kadhaa vya mpakani, na vitatu kati ya hivyo viko Kagera: Mutukula kuelekea Uganda, Rusumo kuelekea Rwanda na Kabanga kuelekea Burundi. Mkoa wenye watu karibu milioni 3 umekubali uzi huo upite katika ardhi yake ili majirani wapate intaneti.

Kazi ngumu ya kuufikisha hadi mipakani imeshafanyika. Kinachodaiwa sasa ni kifupi na cha bei ndogo zaidi kikilinganishwa nayo: uzi wa kushuka kutoka njia kuu hadi shule ya sekondari, zahanati na senta ya biashara ya kila kata, kisha kampuni yoyote iruhusiwe kuunganisha nyumba kutoka hapo kwa ushindani wa haki. Minara nayo iungwe kwa faiba hiyohiyo, maana mnara uliofungwa kwenye uzi hutulia hata kwa yule anayecheza hewani.

Hapo ndipo ubishi wa waya na hewa unapokoma kuwa wa pande mbili. Hewa nzuri hutoka kwenye waya ulio karibu. Bajeti ijayo ya mawasiliano ipimwe kwa swali hili moja: waya umesogea kilomita ngapi kuelekea Muleba?